Stoo ya dawa inayopozwa kwa jua, Tanga: shajara ya mradi

Januari, wiki ya 2. Vipimo kabla ya kugusa chochote

Jengo ni stoo ya dawa ya kituo cha afya, Tanga mjini, mita 700 hivi kutoka baharini. Chumba kina urefu wa mita 6, upana mita 5 na kimo mita 3, yaani mita za ujazo 90. Kuta ni za tofali za saruji za inchi 6 zenye lipu ndani na nje. Juu kuna mabati yaliyochakaa, chini yake dari ya jipsam, na katikati ni hewa tupu. Madirisha ni mawili ya luva, moja ukuta wa kaskazini na jingine magharibi. Chini ya mlango kuna uwazi wa vidole viwili. Ndani mna rafu, friji mbili za chanjo zinazotumia paneli zake zenyewe, na watu wawili saa za kazi.

Lengo: nyuzi 25, unyevu hewani usiozidi asilimia 60, usiku na mchana, jua likiwa ndilo linaloendesha mtambo na umeme wa TANESCO ukiwa akiba.

Asilimia 60 imewekwa kwa sababu dawa ikiharibika haipigi kelele. Aspirini ikinywa unyevu huvunjika na kutoa harufu ya siki. Unga wa ORS hushikana ukawa jiwe ndani ya pakiti. Kapsuli hulainika na kunatana. Chumba kinaweza kuwa na ubaridi mzuri kabisa na bado dawa zikafa, na anayezimeza ni mgonjwa.

Vipima joto na unyevu vinavyojirekodi vimewekwa vitatu: rafu ya juu, juu ya dari, na nje kivulini. Siku ya 4, kaskazi ikivuma, saa 9 alasiri: nje nyuzi 32 na unyevu asilimia 70, juu ya dari nyuzi 51, rafu ya juu nyuzi 33. Saa 10 usiku: nje nyuzi 26 na asilimia 87, ndani nyuzi 29 na asilimia 76.

Somo la saa 10 usiku ndilo linaloamua mradi huu. Usiku wa Tanga joto linashuka lakini maji yaliyo hewani hayaendi popote. Kilo moja ya hewa ya nje mchana ule ilibeba gramu 21 za mvuke. Usiku ilibeba gramu 18.5. Hewa tunayoitaka ndani, nyuzi 25 kwa asilimia 55, hubeba gramu 11 tu.

Januari, wiki ya 3. Mzigo wa joto wa chumba kama kilivyo

Hesabu ya saa 9 alasiri, kwa wati:

Dari 2,100. Ukuta wa magharibi 810. Ukuta wa kaskazini 390. Madirisha 720. Hewa inayopenya 2,860. Watu wawili 260. Friji 150. Taa 60. Jumla 7,350, sawa na BTU 25,000 kwa saa, kipimo kinachotumika kuuzia viyoyozi.

Hewa inayopenya imekadiriwa kubadilika mara 3 kwa saa, kadirio la wastani kwa chumba chenye luva mbili na mlango ule. Kati ya wati zake 2,860, takriban 2,200 ni za kugeuza mvuke kuwa maji. Joto lenyewe halifiki 700. Kwa maneno mengine, mtambo ungekuwa unatumia karibu theluthi ya nguvu zake kukausha hewa ya bahari inayoingia bila kukaribishwa.

Kwa mzigo huo jengo lingehitaji mashine ya BTU 30,000, paneli zaidi ya 16 na rundo la betri. Hapo ndipo miradi mingi ya kiyoyozi cha sola hufia: mtu anapima chumba kwa hatua, anazidisha kwa BTU 600 kila mita ya mraba, anapata namba, anakwenda madukani Ngamiani kuulizia bei ya paneli, anakata tamaa. Paneli ni hesabu ya mwisho. Ya kwanza ni kuziba.

Januari, wiki ya 4. Njia tatu zilizoachwa

Kipoza hewa cha maji, kile chenye feni na pedi zilizoloa, kinatumia umeme kidogo sana na kinafaa Dodoma wakati wa kiangazi. Hapa hakifai. Hewa ya nyuzi 32 yenye unyevu asilimia 70 ikipitishwa kwenye pedi haiwezi kushuka chini ya nyuzi 27, na inatoka imeshiba maji. Kuipeleka stoo ya dawa ni kuziharibu dawa kwa makusudi.

Mtambo wa kufyonza unaoendeshwa kwa maji ya moto ya jua, ule wa lithiamu bromaidi, unahitaji maji ya nyuzi 80 hadi 90 na mnara wa kupozea. Kila kilowati ya joto inayoingia inaleta kilowati 0.7 ya ubaridi. Una maana kwa hospitali kubwa, au kiwanda chenye joto la bure. Kwa chumba cha mita za mraba 30, pampu na mnara peke yake ni kero kuliko faida.

Kiyoyozi cha kuunganishwa moja kwa moja na paneli kilifikiriwa kwa muda mrefu zaidi. Ni kizuri, mchana hakina hasara ya inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe kama wa gridi. Tatizo ni kwamba umeme unaobaki hauwezi kufanya kazi nyingine, na bodi yake ikiungua fundi wa Tanga hana mahali pa kuitoa. Tumechagua kiyoyozi cha kawaida cha inveta (yaani kompresa yake hubadili mwendo kulingana na mzigo), kinachotumia volti 230, ambacho vipuri vyake vinapatikana mjini.

Februari, wiki ya 1 na ya 2. Paa na dari

Paa la juu ya stoo, pamoja na ukingo wake, ni mita za mraba 45. Limesuguliwa kwa brashi laini na maji matamu kuondoa chumvi na vumbi, likakauka siku moja, sehemu zenye kutu zikapakwa rangi ya msingi, kisha rangi nyeupe ya paa mikono miwili. Lita moja inafunika mita za mraba 7 hivi, kwa hiyo zimetumika lita 13 kutoka ndoo ya lita 20. Zilizobaki zitumike kurudia mwakani: rangi nyeupe iliyoshika vumbi la barabarani inapoteza kazi yake.

Juu ya dari imetandikwa pamba ya kioo ya milimita 50 yenye karatasi ya alumini upande mmoja. Roli mbili za mita 1.2 kwa 15 zinatoa mita za mraba 36. Eneo ni 30, zinazobaki ni za kuingiliana na kuzunguka kenchi. Vaa glavu, miwani na barakoa, na fanya kazi hiyo asubuhi kabla ya saa 3. Juu ya dari saa 7 mchana si mahali pa mtu kufanya kazi.

Roli ya kwanza ilianza kutandikwa karatasi ikiangalia chini, kama inavyooneshwa kwenye picha nyingi za nchi za baridi. Ilisimamishwa na kugeuzwa. Sababu ni hii: hewa ya nje ya nyuzi 32 na unyevu asilimia 70 inaanza kutoa umande ikigusa kitu chochote chenye nyuzi 25.8 au chini yake. Kule baridi mvuke unatoka ndani ya nyumba kwenda nje, kwa hiyo kizuizi kinawekwa ndani. Kwetu mvuke unatoka nje kuja ndani. Karatasi ikiwa chini, mvuke unapita kwenye pamba kwa raha, unakutana na karatasi iliyopozwa na chumba, unageuka maji. Baada ya miezi michache pamba imeloa, jipsam ina madoa ya kahawia na ukungu unaanza. Karatasi iangalie juu, upande wa joto, na maungio yote yafungwe kwa utepe wa alumini.

Februari, wiki ya 3. Ukuta wa magharibi, madirisha, mlango

Ukuta wa magharibi ulitakiwa kupata kipaa cha mita 1.8. Hesabu ya kivuli ikakikataa. Saa 11 jioni jua liko nyuzi 20 hivi juu ya upeo wa macho, na kipaa hicho wakati huo kinafunika sentimita 65 za juu tu. Ukuta uliobaki, zaidi ya mita 2, unaendelea kupigwa. Badala yake zimefungwa fito za mianzi kwenye fremu ya mbao, sentimita 30 kutoka ukutani, kuanzia juu hadi nusu mita kutoka ardhini. Hewa inapanda nyuma yake na kuondoka na joto. Ni nafuu, na ikioza inabadilishwa bila kumwita mtu kutoka mbali.

Dirisha la magharibi limezibwa kwa tofali na lipu. La kaskazini limewekwa kioo kimoja kisichofunguka, kikazungushiwa silikoni, na kivuli chake nje. Mlango umepata raba pande tatu, brashi chini, na springi ya kujifunga.

Kutafuta matundu yaliyobaki hakuhitaji kifaa cha gharama. Feni ya kawaida iliwekwa mlangoni ikivuta hewa nje, nafasi iliyoizunguka ikazibwa kwa katoni na utepe, kisha kipande cha udi kikawashwa na kupitishwa taratibu kando ya kila ungio. Moshi unapanda wima, mstari mmoja mwembamba. Ukifika penye tundu unakatika, unalala, na kukimbilia ndani ya chumba. Ilipatikana mianya kwenye pembe ya dari na ukuta karibu urefu wote wa upande wa kaskazini, na kwenye bomba la waya wa swichi. Imezibwa kwa silikoni, kopo 5.

Mzigo mpya, saa ileile: dari 270, ukuta wa magharibi 365, wa kaskazini 340, dirisha 170, hewa 480, watu 260, friji 150, taa 40. Jumla wati 2,075, yaani BTU 7,100. Mara tatu na nusu pungufu, na bado hakuna hata paneli moja iliyonunuliwa.

Kiyoyozi kilichochaguliwa ni BTU 9,000 cha inveta. Kulikuwa na ushauri wa kuchukua 12,000 "ili kiwe na nguvu". Kwenye unyevu wa pwani ushauri huo ni wa hasara. Mashine kubwa inafikisha nyuzi 25 upesi, inapumzika, na muda wote inapopumzika haikaushi. Mashine inayotosha inafanya kazi muda mrefu kwa mwendo wa chini, koili (mabomba yake ya kupozea) inabaki baridi, maji yanaendelea kudondoka.

Februari, wiki ya 4. Paneli ziangalie wapi

Desturi ya huku kusini mwa ikweta ni kuelekeza paneli kaskazini. Kwa Tanga, iliyo nyuzi 5 tu kusini, desturi hiyo inahitaji kuangaliwa upya mzigo unapokuwa kiyoyozi. Jua la mchana linakuwa upande wa kusini wa Tanga tangu wiki ya kwanza ya Oktoba hadi wiki ya kwanza ya Machi. Ndiyo miezi ya joto yenyewe. Paa la stoo lina pande mbili, kusini na kaskazini, mteremko nyuzi 12. Desemba saa za adhuhuri upande wa kusini unapokea jua karibu wima. Wa kaskazini unapokea asilimia 87 ya hapo. Juni mambo yanageuka, kusini hupungukiwa, lakini Juni kusi inavuma na mzigo ni mdogo. April na Mei, mawingu ya masika yanasambaza mwanga pande zote na mwelekeo haujalishi sana.

Paneli zimepangwa kusini. Kwa pampu ya maji au taa tungepanga vingine. Umeme wa kiyoyozi unahitajika jua linapouma, basi paneli zimfuate jua la wakati huo.

Jambo dogo la saa: saa zetu za Afrika Mashariki zinafuata longitudo 45, Tanga iko 39. Jua linafika juu kabisa kati ya saa 6:07 na 6:38 mchana, kutegemea mwezi. Taima zote zipangwe kwa kulijua hilo.

Matumizi: mchana mzigo wa wastani wa kilowati 1.6 kwa saa 11 ni uniti 17.6 za ubaridi. Kila uniti ya umeme ikitoa 3.6 za ubaridi, ni uniti 4.9 za umeme. Usiku uniti 2. Jumla 6.9, na akiba ya asilimia 20, 8.3. Siku ya masika hukadiriwa saa 4 za jua kamili. Hasara za joto, vumbi, waya na inveta zinaacha asilimia 75. 8.3 gawanya kwa 4 mara 0.75 ni kilowati 2.8. Zimechukuliwa paneli 6 za wati 550, kilowati 3.3.

Zote 6 ziko kwenye mstari mmoja. Volti wakati wa kutopakiwa ni 49.8 kila moja, jumla 299. Inveta inavumilia 500. Paneli ikifika nyuzi 65, volti za kazi zinashuka kutoka 251 hadi 217 hivi, na inveta inaanzia 120. Iko salama pande zote mbili. Nguvu lakini inapungua asilimia 14 kwa joto hilo, kwa hiyo nafasi ya sentimita 15 kati ya paneli na bati isipunguzwe. Nafasi hiyohiyo inafanya paneli ziwe kivuli cha paa: mita za mraba 15 za bati hazioni jua tena.

Mnazi wa jirani ulio kusini-magharibi utatupa kivuli kwenye paneli ya mwisho kuanzia saa 10 na nusu. Mstari umesogezwa mita 1.5 mashariki. Kuti moja likitia kivuli sehemu ya paneli moja linapunguza mstari mzima kuliko ukubwa wa kivuli chenyewe.

Machi, wiki ya 1. Ufungaji wa umeme

Inveta ya kilowati 5, volti 48, inayokubali paneli, betri na TANESCO kwa pamoja. Betri moja ya lithiamu ya chuma na fosfeti, volti 51.2, ampea-saa 100, uniti 5.1, tunatumia asilimia 80, yaani 4.1. Kebo ya betri milimita za mraba 35, fyuzi ya ampea 125, urefu usiozidi mita 1.5. Kebo ya paneli milimita 4. Kwa mita 18 kwenda na 18 kurudi inapoteza volti zisizofika 3. Betri imewekwa ukumbini, ukuta wa kivulini. Isiwekwe juu ya dari hata kama nafasi ni ndogo: joto la huko linaimaliza mapema.

Kwenye sanduku la paneli ilikutwa imefungwa breka ya kawaida ya umeme wa nyumbani. Imeondolewa kabla ya kuwasha. Umeme wa gridi unapita sifuri mara 100 kwa sekunde, na cheche ya breka hufa hapo. Umeme wa paneli haupiti sifuri kamwe; cheche ikizaliwa kwa volti 250 inaendelea kuwaka, inayeyusha breka na sanduku. Tumia breka ya sola yenye alama ya DC na volti zisizopungua 500, na kizuia radi cha aina hiyohiyo, na nondo ya ethi ya mita 1.2 ardhini.

Bolti zote za paneli ni chuma kisichoshika kutu daraja 316. Skrubu za mabati ya kawaida kwenye reli ya alumini, penye chumvi, ni betri ndogo: zinakula zenyewe. Kwa majengo ya Raskazone yanayotazamana na bahari, hata daraja 304 lisitumike.

Machi, wiki ya 2. Ufungaji wa kiyoyozi

Yuniti ya nje imewekwa magharibi, nyuma ya mianzi, mahali ambapo kaskazi na kusi haziipigi usoni. Mianzi mbele ya feni imekatwa wazi, vinginevyo hewa ya moto ingezunguka na kurudi. Koili yake ni ya fini (mabapa membamba) zenye rangi ya kinga. Hata hivyo inahitaji kuoshwa kwa maji matamu, bila presha kubwa, kila wiki 4. Fini zisizooshwa zinaanza na unga mweupe kama wa chaki kwenye ncha, kisha zinakatika zikiguswa kwa kidole. Hapo kompresa inasukuma joto mahali pasipopokea na matumizi ya umeme yanapanda kimyakimya.

Gesi ya kupozea ni R32. Nguvu yake ya kupasha joto dunia ni mara 675 ya kabonidioksidi, ikilinganishwa na 2,088 ya R410A. R290, yaani propani, ina 3, na makubaliano ya Kigali ya 2016 ya kupunguza gesi zinazopasha dunia yanatupeleka huko, lakini kwa sasa mashine zake na mafundi waliozizoea ni wachache. R32 inaweza kushika moto. Hakuna kuchomea bomba lenye gesi, na hakuna kuiachia hewani ovyo.

Mabomba ni robo inchi na inchi 3/8. Mdomo wa bomba umetanuliwa baada ya kuondoa vinyuzi vya shaba kwa kikwanguo, bomba likiwa limeinamishwa ili vumbi la shaba lidondoke nje. Nati zimekazwa kwa spana yenye kipimo, nyutoni-mita 16 kwa robo na 36 kwa 3/8. Ilijazwa nitrojeni baa 38 kwa saa 24. Asubuhi geji ilikuwa imeshuka baa 2. Povu la sabuni likaonesha viputo vidogo, kama vya soda, kwenye nati ya bomba kubwa ndani. Mdomo ulikuwa na ufa mwembamba. Umekatwa, ukatanuliwa upya, saa nyingine 24, geji haikusogea. Baada ya hapo pampu ya kunyonya hewa hadi maikroni 500 (kipimo cha hewa iliyobaki bombani), valvu ikafungwa, ikangojwa nusu saa kama geji inapanda. Fundi anayesukuma hewa nje kwa gesi ya mashine badala ya kutumia pampu anaacha maji ndani, na maji na mafuta ya kompresa yakikutana hutengeneza asidi.

Mabomba yote mawili yamevikwa sponji nyeusi ya milimita 19. Ile ya milimita 9 inayokuja ndani ya katoni inatoa jasho Tanga.

Aprili, wiki ya 1 hadi ya 3. Majaribio, masika imeanza

Mchana kila kitu ni sawa: nyuzi 25, unyevu asilimia 54, kompresa inakula wati 350 hadi 600, betri inajaa kabla ya saa 8.

Usiku wa kwanza unyevu ulipanda kutoka 55 saa 2 usiku hadi 69 saa 9 usiku, joto likiwa 24.6. Sababu ni mbili. Chumba kilikuwa kimeshapoa, kompresa ikalala. Na feni ya ndani ilikuwa imewekwa mwendo wa kudumu, ikapuliza koili iliyoloa na kurudisha chumbani maji yaleyale yaliyokwisha kukusanywa. Feni imewekwa iifuate kompresa. Unyevu ukashuka hadi 64, bado si 60.

Imeongezwa mashine ya kukausha hewa iliyoandikwa lita 20 kwa siku, wati 280. Usiamini hiyo 20: imepimwa kwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 80. Kwa nyuzi 25 na asilimia 57 inatoa nusu yake. Kwa chumba hiki ina faida ya pili: inatoa joto kidogo, na joto hilo linamwamsha kiyoyozi afanye kazi na kukausha naye.

Unyevu ukakaa 58. Lakini betri ikafika asilimia 20 saa 10 alfajiri na TANESCO ikapokea. Hesabu: kiyoyozi uniti 2, mkaushaji 1.9, na inveta yenyewe, ambayo ikiwa haifanyi lolote inakula wati 50, kwa saa 13 ni 0.65. Jumla 4.55, betri inatoa 4.1. Matumizi ya inveta hayakuwemo kwenye hesabu ya Februari. Yawemo kila mara.

Pendekezo la haraka lilikuwa betri ya pili. Kabla yake tulipima maji. Mabomba ya kutolea maji ya mashine zote mbili yalielekezwa kwenye dumu la lita 20, chumba kikafungwa saa 12 jioni, dumu likapimwa saa 1 asubuhi: lita 5.2. Hakuna mtu aliyelala ndani, hakuna mlango uliofunguliwa. Lita 5 za bahari zilikuwa zimeingia kupitia ukuta na mianya. Udi ukarudi kazini. Tundu la ukutani la mabomba ya kiyoyozi, la milimita 65, lilikuwa limefunikwa na kikombe cha plastiki tu, nyuma yake wazi. Bomba la maji halikuwa na kona ya kushikilia maji, hivyo lilikuwa njia ya hewa. Na kifuniko cha kupandia darini hakikuwa na raba.

Tundu limejazwa povu na kupakwa silikoni pande zote mbili. Bomba limepewa kona ya U yenye kina cha sentimita 5 na mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita. Kifuniko kimepata raba na komeo mbili. Usiku uliofuata: lita 2.9. Mkaushaji alitumia uniti 1.1. Betri ilikutwa asubuhi na asilimia 26, mvua ikinyesha. Betri ya pili haikununuliwa.

Mei, wiki ya 1

Siku 3 za mawingu mfululizo: TANESCO ilichangia uniti 6.5 kwa jumla, nyingi kati ya saa 11 alfajiri na saa 2 asubuhi. Inveta imepangwa isichaji betri kwa gridi usiku. Ilikuwa inafanya hivyo kwa mpangilio wa kiwandani, na paneli asubuhi zikakuta betri imejaa, umeme wake ukapotea.

Kona ya U imekutwa na ute wa kijani wiki ya tatu tangu ifungwe. Imesafishwa kwa maji ya moto na kikombe cha siki. Iwe kila mwezi, siku moja na kuosha koili ya nje.

Kipima cha rafu ya juu kinasoma nyuzi 25.8, kikishushwa chini kinasoma 24.4. Maboksi yalipangwa hadi sentimita 15 kutoka dari, mbele ya mdomo wa kiyoyozi, na hewa inarudi bila kufika kona ya kusini-mashariki. Rafu mbili zimehamishwa, nafasi ya sentimita 50 imeachwa juu na sentimita 10 nyuma. Vipima vyote vitatu vimehamishiwa kona hiyo, kimo cha sentimita 30, 150 na 230, visomwe siku 7 kabla ya dawa za kapsuli kurudishwa hapo.